Vijana wa Kujitolea Ugenini na Sikukuu Zisizo Zao



Ndugu wasomaji, liko swali ambalo sisi walimu wa vyuo twaulizwa mara kwa mara katika miaka hii. Mzazi hutujia baada ya sala ya alasiri akasema: "Mwalimu, mwanangu amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kufanya kazi ya kujitolea mwaka mmoja. Nimruhusu ama nimzuie?" Na tukiisha kumsikiliza twaona kuwa hofu yake siyo safari, wala siyo baridi. Hofu yake ni mwezi wa Desemba. Anaziogopa siku zile ambazo nchi nzima hufunga kazi, kila mtu yuko kwa jamaa zake, na mwanawe yu peke yake chumbani, hana msikiti karibu, hana mama wa kumwita mezani, naye umri wake bado mchanga. Imma atalia na kutaka kurudi, imma atajitosa katika kila analoliona, akasahau alikotoka.

Hofu hiyo ni ya haki, wala haijibiwi kwa kumwambia mzazi, "Tawakali, utaona." Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Basi na tulitazame jambo lenyewe lilivyo.

Vijana hawa wengi huenda kwa mpango uitwao weltwärts, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008 kwa ajili ya kuwapeleka vijana wao katika nchi za nje kujitolea. Mwisho wa mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa pili, vijana wa nchi kama zetu nao wakaanza kwenda kule. Wanaochukuliwa ni wa umri wa miaka 18 hadi 28. Wakifika huwekwa katika utumishi wa kujitolea wa taifa lile, ambao sheria yake ilitoka mwaka 2011. Kazi zao ni za kuwatumikia watu: shule za watoto wadogo, nyumba za kutunzia wazee, nyumba za watu wenye ulemavu, na nyinginezo. Hupewa mahali pa kulala, chakula au fedha ya chakula, bima ya matibabu, na fedha kidogo ya mfukoni. Mwenye kutumikia mwaka mzima hupata na siku zisizopungua 25 za mafunzo, ambazo hukutana na wenziwe. Hayo ndiyo mapatano. Mshahara haumo, na hili tutalirudia.

Tena, ndugu wasomaji, watu wa pwani yetu si wageni katika nchi ile. Zamani za wazee wetu, walipoiita Udachi, Amur bin Nasur wa Unguja alikuwako Berlin tangu mwaka 1891 akiwafundisha Wajerumani lugha yetu ya Kiswahili. Baada yake akaenda Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, akaanza kufundisha huko mwaka 1900, na maandiko yake yakawa msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka 1903. Mwalimu Mtoro alikwenda zama za ukoloni, wala hakusalimika na dharau za watu wa zama zile, hata alipofariki huko huko Berlin mwaka 1927. Kijana wa leo anakwenda kwa mkataba, naye ana simu mkononi ya kumwona mama yake uso kwa uso. Njia ni ile ile, lakini miiba imepungua.

Na tukirudi nyuma zaidi twawakuta masahaba. Katika mwaka wa tano wa utume, yaani kiasi cha mwaka 615 wa Miladi, Mtume wetu aliwaruhusu watu wake waliokuwa wakiteswa Makka wavuke bahari kwenda Uhabeshi, nchi ya Wakristo, kwa kuwa mfalme wake Najashi alikuwa mtu ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Masahaba wale walikuwa wakimbizi, wala hatusemi kuwa mambo yao na ya vijana wetu ni mamoja. Lakini waliishi kwa amani miongoni mwa watu wa dini nyingine, na baadhi yao, kama Sayyidna Jaafar bin Abi Talib, walikaa zaidi ya miaka kumi, wasirudi ila mwaka wa saba wa Hijra. Hawakuipoteza dini yao, wala hawakuwatukana wenyeji wao. Na Jaafar alipoitwa mbele ya mfalme kuulizwa juu ya dini yake, alisoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Kijana wa kwenda ugenini na aikumbuke habari hii, kwani itamfaa mezani kwa mwenyeji wake, kama tutakavyoeleza.

Sasa na tuseme juu ya mambo yatakayomkabili.

La kwanza ni giza. Kijana aliyefika mwezi wa Septemba ataona siku zikifupika kila wiki, hata moyo wake ufanye wasiwasi. Mjini Berlin, katika siku za mwisho za Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na huchwa kabla ya saa 10 jioni. Alfajiri huingia kiasi cha saa 12. Adhuhuri huingia saa 6 na dakika chache. Alasiri huingia kabla ya saa 8. Magharibi kabla ya saa 10. Na isha kiasi cha saa 12 jioni. Maana yake ni kuwa sala tatu, adhuhuri na alasiri na magharibi, zote huweza kumkuta kazini. Asiyejiandaa zitampita, kisha atazoea zimpite, na hapo ndipo mlango wa hasara unapofunguka.

Dawa yake ni kusema mapema. Katika wiki ya kwanza amwendee mkubwa wake wa kazi, amweleze kwa adabu kuwa yeye husali, kwamba sala moja humchukua dakika chache tu, na kwamba anaomba pembe safi ya chumba. Watu wale hupenda jambo lielezwe waziwazi na kwa saa yake. Mtu anayejificha chooni kutawadha na kutoweka bila ya kuaga, wao humdhania mvivu. Na kibla akitafute kwa hakika. Sisi huku Tanga na Dar es Salaam twaelekea kaskazini; Ujerumani kibla ni upande wa kusini-mashariki. Asifuate mazoea ya nyumbani.

Kuhusu udhu wakati wa baridi, sheria yetu ina wepesi ambao vijana wengi wameusoma katika vitabu vya fikihi wasipate kuutumia, nao ni kupaka maji juu ya khofu. Akizivaa khofu zake hali ya kuwa na udhu kamili, basi mkaazi ana mchana mmoja na usiku wake, na msafiri ana siku tatu. Na asidhani kuwa maadam yuko Ulaya basi ni msafiri wa kupunguza sala mwaka mzima. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi, naye husali sala kamili. Lakini baridi ina neema yake vilevile. Funga ya Desemba ni ya saa 10 hivi tu, tangu alfajiri hadi magharibi. Mwenye deni la Ramadhani, au mwenye kupenda Jumatatu na Alhamisi, hatapata wakati mwepesi kuliko huo.

La pili ni chakula. Nyama ya nguruwe haina haja ya kuelezwa, bali ajifunze jina lake, Schwein, kabla ya kujifunza majina ya miji. Lililojificha ndilo la hatari. Peremende nyingi laini za watoto zimetiwa Gelatine, na mara nyingi hiyo hutokana na nguruwe. Schmalz ni shahamu, na mara nyingi ya nguruwe. Katika masoko ya usiku ya mwezi wa Desemba huuzwa kinywaji cha moto chenye harufu ya mdalasini na karafuu, hata Mzanzibari akadhani yuko kwao. Jina lake Glühwein, nacho ni mvinyo. Badala yake aombe Kinderpunsch, kinywaji cha watoto kisicholewesha. Nyama ya halali haikosekani katika miji mingi, kwani Ujerumani na Uturuki zilipatana tarehe 30 Oktoba 1961 Waturuki waende kufanya kazi kule, nao wakahamia na maduka yao na misikiti yao. Ajuzwe pia kuwa siku za Jumapili karibu maduka yote hufungwa, na tarehe 24 Desemba hufungwa mchana, kisha tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Asiyenunua chakula chake mapema atalala na njaa katika nchi iliyojaa chakula.

La tatu ni sikukuu zenyewe. Huanza mapema kuliko tunavyodhani. Tarehe 11 Novemba watoto hutembea na taa usiku. Tarehe 6 Desemba hukuta peremende ndani ya viatu vyao. Na Jumapili nne kabla ya Krismasi huwashwa mishumaa, mmoja kila wiki. Kijana aliyewekwa katika shule ya watoto wadogo atayakuta haya kazini. Wajerumani hupeana zawadi jioni ya tarehe 24, na jioni hiyo ni ya jamaa wa nyumba moja. Basi mwenyeji anapomwambia kijana wetu, "Njoo ukae nasi jioni hiyo," na ajue kuwa amepewa heshima kubwa.

Je, aende? Twasema hivi. Ibada ya watu si mahali pake. Kanisani kwa nia ya kuabudu haendi, wala hatamki lisilokuwa katika itikadi yake. Lakini kula chakula cha halali na watu waliomhifadhi, kuwapa zawadi na kupokea zawadi, hayo ni mambo ya ujirani. Mtume wetu alipokea zawadi za Maqauqis wa Misri, naye hakuwa Mwislamu. Na katika Sura ya Mumtahana, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Ziko khitilafu za masheikh katika matawi ya jambo hili, na mwenye shaka na amuulize sheikh wake kabla ya kusafiri, asingoje usiku wenyewe.

Na pale mezani huenda akaulizwa: "Na nyinyi Waislamu, mwasemaje juu ya Yesu?" Hapo ndipo aikumbuke habari ya Jaafar. Aseme kwa upole kuwa sisi twamwamini Nabii Isa kuwa ni mtume, kwamba sura nzima katika Kurani imeitwa kwa jina la mama yake, na kwamba Mwislamu hamtaji ila kwa heshima. Watu wengi hawajui hayo, nao hushangaa. Asibishane, asipige kelele, wala asione haya. Mwenye kuona haya kwa dini yake huonekana hana kitu, na mwenye kupigania neno kila kukicha haalikwi mara ya pili.

La nne, ambalo kwetu ndilo kubwa, ni upweke. Kijana mmoja aliyesoma katika chuo chetu alitumikia nyumba ya wazee mwaka mzima. Alitusimulia kuwa wenziwe wa kazi wote walikuwa Wakristo wenye watoto, na kila mmoja aliutaka usiku wa tarehe 24 awe kwake. Yeye akamwendea mkubwa wao akasema, "Mimi siku hii siyo sikukuu yangu. Niwekeni zamu, nao waende kwa watoto wao. Name siku ya Idi nitaomba mnipe nafasi." Wakakubaliana. Usiku ule akawakuta wazee ambao hakuna mtu aliyekuja kuwatazama. Bibi mmoja alimshika mkono akawa akimwita kwa jina la mwanawe. Kijana akakaa naye mpaka akalala. Akatuambia: "Mwalimu, nilifikiri mimi ndiye mpweke kuliko wote katika mji ule, nikaona siyo."

Ndugu wasomaji, twaona katika habari hii jawabu ya nusu ya hofu ya wazazi. Kijana mwenye kazi ya kuwafaa watu siku ya sikukuu hana nafasi ya kujionea huruma. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Na siku ya Idi ilipofika, wale wenziwe walikumbuka, wakashika zamu yake bila ya yeye kukumbusha.

Tukisema Idi, kijana na ajue kuwa huko si siku ya mapumziko ya nchi. Aombe ruhusa mapema, kwa maandishi. Mji wa Hamburg, ambao tangu mwaka 2010 umefungamana udugu na Dar es Salaam, ulitia sahihi mapatano na jumuiya za Waislamu mwezi wa Novemba 2012, yanayowapa Waislamu haki ya kutokwenda kazini siku ya Idi, ilimradi muda ule ulipwe. Ama Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka hutangulia kiasi cha siku 11, sasa yaingia katika miezi ya baridi, na katika mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Vijana watakaokuwa huko Desemba ile watafunga wakati wenyeji wao wanasherehekea. Hao watahitaji msikiti na wenzao wa kufuturu nao. Misikiti mingi ya Ujerumani hufungua milango kwa watu wote tarehe 3 Oktoba ya kila mwaka, tangu mwaka 1997. Mgeni aliyefika Septemba aitumie siku hiyo kujitambulisha, hata kama hotuba ni ya Kituruki na yeye hajui neno. Salamu yetu ni moja.

La tano ni dharau. Hatutaficha kuwa wako wanaomtazama mtu vibaya kwa rangi yake, au binti kwa mtandio wake. Akikutwa na hilo asilifiche wala asilipize kwa mkono. Amweleze mkubwa wake na chama kilichompeleka. Na binti zetu, au vijana wa kiume, wasiotaka kuwaogesha watu wa jinsia nyingine katika nyumba za wazee, waliseme hilo kabla ya kutia sahihi mkataba, si baada ya kupewa zamu.

Sasa twageuka kwenu, akina baba na akina mama, kwani yako mabaya yanayotoka huku nyumbani. Kijana hajamaliza mwezi mmoja, ameanza kupelekewa habari za bati la nyumba, karo ya mdogo wake, na arusi ya binamu. Mwadhani amekwenda Ulaya kuchuma. Hakwenda kuchuma. Fedha aliyo nayo ni ya nauli yake na sabuni yake. Wako waliojinyima chakula katika baridi ile ili wapeleke kitu nyumbani, na wako walioona haya kusema hawana, wakaacha kupokea simu ya mama zao. Desemba ndiyo mbaya zaidi, kwani kila mtu huku asema, "Mwisho wa mwaka, tukumbuke." Kijana aliye mpweke akiikata simu ya nyumbani, atampata nani? Basi mpigieni kwa kumjulia hali. Wakati wa baridi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Mkiisha sali isha, wao bado jioni. Muulizeni amekula nini. Muulizeni amesali. Halafu nyamazeni, mumsikilize.

Na jingine: msimwambie abaki huko baada ya muda wake kwisha. Amekwenda kwa ahadi ya kurejea, na ahadi ya Mwislamu ni deni. Anayevunja ahadi hiyo humfungia mlango kijana wa nyumba ya pili.

Mwisho, na tukumbuke kuwa mpango huu una pande mbili. Vijana wa Kijerumani nao huja kwetu, na wengine huingia katika mwezi wa Ramadhani, hawajui kwa nini maduka ya chakula yamefungwa mchana wala kwa nini mji mzima unakesha. Tuwaalike katika futari, tuwape uji na tambi na kaimati, tuwaeleze bila ya kuwalazimisha, na mabinti wao tuwahifadhi kama binti zetu. Tunavyowatendea hao ndivyo twatumaini Mwenyezi Mungu awatie watu wa mbali huruma kwa watoto wetu.

Basi mzazi aliyetuuliza, twamjibu: ikiwa mwanao anajua sala yake bila ya kusukumwa, na anajua kusema "naomba" na kusema "hapana", mruhusu, umpe khofu za miguu na msahafu mdogo, umwombee dua. Ikiwa bado hajui hayo, mweke kwanza mwaka mmoja umfundishe, kisha aende. Wabillahi taufiq.